Historia ya maktaba ya mji imo kwenye daftari la mapokezi

Wengi wanaoandika historia ya maktaba ya mji mdogo huanzia kwenye bamba la ukutani. Bamba hutaja siku mheshimiwa alipokata utepe, basi. Huenda vitabu vilikuwa vikiazimwa miaka kadhaa kabla ya hapo, katika chumba cha shule au stoo ya halmashauri. Tenganisha tarehe tatu tangu mwanzo: ya kikao kilichopitisha maktaba ianzishwe, ya kitabu cha kwanza kuandikishwa, na ya jengo kufunguliwa.

Chanzo chenye uzito kuliko vyote ni daftari la mapokezi, ambamo mkutubi aliandika kila kitabu kilichoingia: tarehe, namba, mwandishi, jina la kitabu, kilikotoka, bei, maoni. Soma kwanza safu ya "kilikotoka" katika mistari 500 ya mwanzo. Ukikuta imejaa zawadi, usikimbilie kusifu ukarimu wa wenyeji kabla hujatazama sheria ya fedha ya wakati huo. Uingereza, Sheria ya Maktaba za Umma ya 1850 iliiruhusu miji yenye watu 10,000 au zaidi kutoza nusu peni kwa kila pauni ya thamani ya mali, lakini fedha hizo hazikuruhusiwa kununulia vitabu! Rafu zilijengwa, zikabaki kungoja wafadhili. Mwaka 1855 kodi ilipanda hadi peni moja, ununuzi wa vitabu ukaruhusiwa, na kiwango cha watu kikashuka hadi 5,000. Hapo ndipo miji midogo ilipopata nafasi.

Daftari nalo lina mitego. Namba ya mwisho si idadi ya vitabu vilivyopo, kwa sababu namba ya kitabu kilichopotea kwa kawaida haitumiki tena. Toa vile vilivyoandikwa "kimepotea" au "kimeondolewa", ila jibu bado litazidi ukweli: vitabu huandikwa kwa bidii vinapoingia, na kwa uvivu vinapotoka. Mtego mbaya zaidi ni daftari lililonakiliwa. La zamani lilichakaa, mtu akahamishia kila kitu kwenye jipya. Utalitambua kwa mamia ya mistari yenye tarehe moja, wino mmoja na mwandiko mmoja, ilhali miaka ya uchapishaji imetawanyika. Hiyo ni tarehe ya kunakili, wala haihusiani na kuanzishwa kwa maktaba.

Daftari likikosekana kabisa, vitabu vyenyewe vitasema. Chukua kimoja katika kila kumi rafuni hadi vifike 100. Andika maneno ya muhuri kama yalivyo, maana jina la mamlaka hubadilika na muhuri hubadilika nalo, ingawa mihuri ya zamani mara nyingine iliendelea kutumika hadi ikafutika. Kisha nakili tarehe ya kwanza na ya mwisho kwenye karatasi ya kurudishia, ile iliyobandikwa ndani ya kitabu na kugongwa tarehe za kukirudisha. Ichunguze pembeni, kwani mara nyingi karatasi mpya ilibandikwa juu ya iliyojaa, usiibandue. Vitabu vingi vikiwa na pengo la tarehe katika miezi ileile, huenda maktaba ilifungwa, nawe ukathibitishe kwenye mihutasari ya vikao. Lakini usitumie vitabu hivyo kudai watu walipenda kusoma nini. Vilivyopendwa vilisomwa hadi vikachanika vikatupwa, na vilivyobaki vizima ni vile visivyoguswa.

Mwaka wa kuchapishwa nao huonyesha tu kwamba kitabu hakikuingia kabla yake. ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, husaidia kidogo: ilianza kutumika kimataifa mwaka 1970 ikiwa na tarakimu 10, na tangu Januari 2007 ina 13.

Kwenye hesabu za halmashauri, tafuta fungu la uendeshaji kabla ya fungu la ujenzi. Andrew Carnegie, tajiri wa viwanda vya chuma wa Marekani ambaye fedha zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500 kati ya 1883 na 1929, kwa kawaida alidai mji utoe kiwanja na uahidi kila mwaka asilimia 10 ya msaada wake. Mji uliopewa dola 10,000 ulitakiwa kutenga 1,000 kila mwaka. Fuatilia kama ahadi ya namna hiyo ilitimizwa. Ukiona mishahara inalipwa huku fungu la vitabu likiwa sifuri miaka mitatu mfululizo, umepata sura nzima ya historia yako.

Andika kwa penseli tu karibu na nyaraka, na piga picha kwa mwanga wa dirishani badala ya kulazimisha daftari lilale bapa kwenye mashine ya kunakili; mgongo wake utavunjika. Utepe wa gundi usiutumie kamwe, huacha doa la njano lisilotoka.

Wazee wahoji mwishoni, ukiwa na tarehe mkononi. Waulize meza ya mkutubi ilikuwa wapi, na kama waliruhusiwa kufika rafuni wenyewe au waliagiza dirishani. Na ukikuta kadi za waazimaji, hesabu waazimaji na mada, lakini usichapishe majina yao pamoja na walichosoma.