Siku Moja Maishani Mwangu: Mtunza Programu ya Kutambua Muziki Siku ya Toleo Jipya

Saa 2:00 asubuhi. Kabla ya kugusa chochote, nasoma ripoti ya majaribio yaliyoendeshwa na seva usiku. Kuna masasisho mawili yanayosubiri: toleo jipya la maktaba ya msimbo inayosimbua, yaani kufungua, mafaili ya sauti yaliyobanwa, lenye viraka vya usalama, na badiliko la algoriti yetu wenyewe katika namna ya kuchagua vilele vya masafa, yaani nukta ambazo sauti ina nguvu kuliko jirani zake. La kwanza linaonekana dogo na la pili linaonekana kubwa, lakini kwenye kazi hii ukubwa wa badiliko hauonekani kwa wingi wa mistari ya msimbo. Uamuzi wangu wa kwanza ni kuyatenganisha, kwa kuwa yakitoka pamoja na majibu yakaharibika, hakuna atakayejua ni lipi lililoharibu.

Saa 3:00 asubuhi. Naanza na maktaba ya kusimbua. Alama ya sauti, yaani muhtasari wa namba unaoutambulisha wimbo kama alama ya kidole, hukokotolewa kutokana na mawimbi yaliyokwisha kusimbuliwa, si kutokana na faili lenyewe, kwa hiyo kila kinachobadilika katika usimbuaji hufika hadi kwenye alama. Faili la MP3 ni mfano mzuri. Usimbaji wake huongeza kimya kifupi mwanzoni, na matoleo mbalimbali ya visimbuzi hutofautiana katika kukikata. Kisimbuzi cha kawaida cha MP3 huchelewesha sauti kwa sampuli (vipimo vya sauti) 529, na programu ya kusimba MP3 iitwayo LAME kwa kawaida huongeza nyingine 576, jumla 1105, ambazo kwa kasi ya sampuli 44100 kwa sekunde ni kama milisekunde 25. Sikio halihisi kitu. Hata hivyo, fremu za uchanganuzi, yaani vipande vifupi vya sauti vinavyopimwa kimoja kimoja, zikianza mahali tofauti, kilele kilichokuwa karibu na kizingiti cha nguvu huweza kutoweka na kingine kikajitokeza.

Kwa sababu hiyo silinganishi alama mbili kwa kuuliza tu kama zinafanana biti kwa biti. Napitisha mafaili yaleyale kwenye toleo la zamani na jipya, kisha nauliza kama alama mpya bado inaupata wimbo wake katika hifadhidata ya zamani, na kwa umbali gani kutoka kwenye kizingiti cha kukubali jibu. Swali hilo la pili wengi hulisahau. Jibu likiwa sahihi lakini limesogea karibu na mpaka, toleo hilo halijafaulu. Kelele kidogo za mtaani zitalimalizia. Maktaba hii inapita.

Saa 5:00 asubuhi. Kikao kifupi na watu wa seva. Hakina la kusimulia.

Saa 6:00 mchana. Sasa algoriti. Msingi wake ni ule ambao Avery Wang wa Shazam, programu ya kutambua muziki, aliueleza mwaka 2003: spektrogramu, yaani picha ya nguvu ya masafa kadiri muda unavyokwenda, hupunguzwa hadi vilele vichache vyenye nguvu, vilele huunganishwa wawiliwawili, na kila jozi hutoa namba inayobeba masafa ya kilele cha kwanza, masafa ya cha pili na muda ulio kati yao. Wimbo hutambuliwa pale namba nyingi zinapokubaliana juu ya tofauti moja ya wakati kati ya kipande kilichorekodiwa na wimbo uliohifadhiwa. Pendekezo la sasa linashusha kizingiti cha vilele ili muziki wa sauti ya chini utambuliwe vizuri zaidi, na kwenye vipande tulivyovijaribu linafanya hivyo kweli.

Tatizo ni kwamba hifadhidata imejaa alama za algoriti ya zamani, na simu za watumiaji wengi hazijasasishwa. Ni sawa na kubadilisha kitasa ilhali funguo zimekwisha kugawiwa. Kukokotoa upya alama zote kunahitaji sauti zenyewe, na mara nyingi sisi hatuna: aliyetupatia wimbo alituma alama tu, kwa kuwa faida mojawapo ya teknolojia hii ni kumwezesha mtu kulinganisha muziki bila kuutuma. Njia ninayoiamini ni kuandika namba ya toleo ndani ya kila alama na kuendesha faharasa mbili sambamba, ya zamani ikipungua kadiri alama mpya zinavyoingia. Inagharimu diski na kumbukumbu, lakini naona gharama hiyo ni halali.

Saa 9:00 alasiri. Majaribio ya kelele. Nachanganya vipande na mazungumzo, mngurumo wa injini na mwangwi wa ukumbi, halafu nabadilisha kasi kidogo, kwa sababu vituo vingine vya redio huharakisha nyimbo. Kisha nageukia jambo linalonisumbua zaidi, yaani majibu ya uongo. Vilele vikiwa vingi, hata mvumo wa umeme na kimya chenye kelele hafifu huzaa alama, na nyimbo mbili zisizohusiana zinazoanza kwa ukimya huanza kufanana. Pendekezo linashindwa hapohapo. Kwangu mimi, kunyamaza ni bora kuliko kumtaja msanii asiye mwenye wimbo, hasa pale ripoti za utambuzi zinapotumiwa kugawa mirabaha.

Saa 10:30 jioni. Maktaba ya kusimbua inaachiliwa kwa sehemu ndogo ya maombi. Algoriti mpya inabaki kivulini: inapokea maombi yaleyale, inakokotoa majibu yake na kuyaandika kwenye kumbukumbu, ila mtumiaji anaonyeshwa jibu la zamani. Tofauti kati ya majibu hayo mawili itatufundisha mengi kuliko majaribio yangu yote ya mchana, kwa kuwa watu hurekodi muziki katika mazingira ambayo mhandisi hayafikirii.

Saa 12:00 jioni. Naandika maelezo ya toleo. Nataja maktaba iliyobadilishwa, nathibitisha kwamba alama zilizohifadhiwa hazihitaji kukokotolewa upya, na naeleza namna ya kurejea toleo la awali. Kuhusu algoriti, nairudisha kwa aliyeiandika pamoja na vipande vya kimya vilivyoiangusha, nikimwomba aongeze kipimo cha nguvu ya sauti kabla ya uchaguzi wa vilele kuanza.