Bei ya leo ilikuwa inaandikwa ya jana, nimeitatua hivi

Nina kaprojekti kangu ka pembeni, katovuti ka bei za nyanya na zabibu hapa Dodoma, mshkaji wangu wa Majengo ananiwekea bei saa nane usiku wakati fuso zinashusha mzigo, sasa tovuti ikawa inaandika tarehe ya jana. Nikamlaumu bure eti simu yake mbovu. Kumbe seva (kompyuta inayoendesha tovuti) inatumia UTC, yaani saa ya kimataifa, sisi tuko masaa matatu mbele, saa nane yetu kule bado ni saa tano usiku! Data nikaiacha hivyohivyo, nikabadilisha kwenye kuonyesha tu, nikaweka jina la majira ya saa zetu (timezone): Africa/Dar_es_Salaam. Africa/Dodoma nimeitafuta wee, haipo, makao makuu gani haya jamani. Tarehe za zamani zikakaa sawa zenyewe.