Nilivyolinganisha usukani wa magari matatu mepesi Lubumbashi

Kazi yangu ni sehemu ya mbele ya gari: rotili (viungo vya mpira vinavyoshika gurudumu), krimayeri (fimbo yenye meno inayosukuma magurudumu ukigeuza usukani), parelelisimu (kunyoosha magurudumu yaelekee sawa). Hapa Lubumbashi kazi hiyo haiishi, maana mashimo yenyewe ndiyo yanayotuletea wateja. Wengi huja na Toyota zilizotoka Japani kupitia Dar es Salaam, usukani uko kulia, na sisi huku twaendesha upande huohuo wa kulia. Mara mojamoja huingia gari dogo la michezo. Safari hii yalikuwapo matatu mjini, na wenyewe wakakubali niyaendeshe: Mazda Roadster ya kizazi cha kwanza, ile iliyotoka 1989, Toyota MR-S, iliyotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2007, na Toyota 86 iliyoanza kuuzwa 2012. Nilitaka kujua ni lipi linaleta mikononi habari nyingi za barabara.

Kuruka kutoka gari moja hadi jingine na kusema hili zuri, lile baya, hakusaidii kitu. Gari likiwa na rotili iliyolegea, utakayoihukumu ni rotili, si akili ya waliolibuni. Kwa hiyo kila moja nililipandisha kwanza kwenye jeki, nikashika gurudumu la mbele kushoto na kulia, nikalitikisa. Likigonga, kuna kitu kimelika. Magari mawili yalikuwa safi. Kwenye Roadster nilikuta ule mpira unaokunjamana pembeni mwa krimayeri umepasuka, vumbi letu jekundu limejaa ndani, grisi imekuwa tope gumu la kukwangua kwa bisibisi. Tulifungua, tukasafisha, tukatia grisi mpya na mpira mwingine, ndipo nikapima parelelisimu.

Halafu upepo wa matairi. Vijana wanaojaza upepo kando ya barabara hujaza mpaka tairi liwe gumu kama jiwe, gari la kutembelea na la kubeba makaa kwao ni mamoja. Kwa Roadster, Mazda wenyewe wanataka bari 1.8 tu, nalo ni gari la kilo 940 hivi. Ukiweka bari 3, pua inarukaruka na usukani unakuletea kelele badala ya habari. Nilipima asubuhi, matairi yakiwa baridi, na kila gari nikalipa kiasi chake. MR-S ina matairi membamba mbele kuliko nyuma, tena ya mbele hutaka upepo mdogo zaidi. Anayejaza yote manne upepo sawasawa ameshaharibu usukani kabla hajawasha injini.

Njia niliyochagua ni ya Kipushi, Jumapili mapema, malori yakiwa bado machache. Ni kilomita kama 30. Nilitumia kipande kimoja chenye kona pana na lami inayoeleweka, mwendo uleule kwa yote matatu, wala si mwendo wa kuogopesha mtu.

Roadster hii haina pawa, yaani msaada wa kulainisha usukani. Kijana ninayemfundisha kazi alijaribu kuigeuza ikiwa imesimama uani, akaachia. "Yaya, hii volan iko nguvu!" Yaani kaka, usukani huu ni mgumu. Nikamwambia, "Ngoja itembee." Ikishaanza kutembea uzito ule unaisha, na hapo ndipo utamu unapoanza. Gurudumu linapokata kona, nguvu ya lami kwenye tairi haiji katikati kabisa ya pale linapokanyaga, huja nyuma kidogo, kwa hiyo gurudumu hutaka kurudi kunyooka. Mkono unausikia mvuto huo ukikua kadiri kona inavyobana. Tairi likikaribia kushindwa, ile nguvu husogea mbele kuelekea katikati na mvuto hupungua. Usukani unalegea kidogo mkononi kabla pua haijaanza kuteleza. Kwa Roadster nililisikia hilo waziwazi kwenye mchanga uliomwagika kando ya kona moja. Na kwa kuwa unakaa kulia, ukingo wa lami uliomegeka uko karibu na goti lako, na kila mmego unaukuta kwenye vidole.

MR-S ina pawa ya mafuta, ila pompi yake huzungushwa na mota ya umeme, si mkanda wa injini. Injini iko nyuma ya viti, pua ni nyepesi, kwa hiyo msaada unaohitajika ni mdogo. Inageuka upesi kuliko Roadster. Lakini ukiingia kona bila kugusa breki, usukani ni mwepesi mno, kama haujali. Gusa breki kidogo kabla ya kona, uzito uhamie mbele, na usukani unaamka. Usiachie gesi (kanyagio la mwendo) ghafla katikati ya kona, mkia utataka kutangulia. (Injini yake, 1ZZ, ni ileile ya Corolla nyingi, basi vipuri vyake vinapatikana hapa. Kwa mtu wa Lubumbashi hilo ni jambo kubwa kuliko usukani wowote.)

86 msaada wake ni wa umeme mtupu, na gari lina kilo zaidi ya 1,200. Nilidhani nitalichukia, sikulichukia. Ndilo lililo sahihi kuliko yote: unageuza kidogo, linakwenda palepale, bila kusubiri. Uzito wa usukani ni mzuri pia. Kinachopungua ni ile mitetemo midogo ya lami. Njiani inamezwa na msuguano na mota. Mtu akigeuza usukani mzito, husema una hisia. Sivyo. 86 ilikuwa nzito mkononi kuliko MR-S, na iliniambia machache zaidi.

Kwa kusikia barabara tu, Roadster kwanza, MR-S pili, 86 tatu. Kwa kwenda mji wa Likasi na kurudi siku hiyohiyo, katikati ya malori, ningeomba ufunguo wa 86. Mwenye Roadster aliposikia nafasi yake aliuliza kama sasa anaweza kuitia pawa, mke wake amechoka kuiegesha sokoni. Nilimwambia inawezekana, kwa kuwa Mazda walitoa pia Roadster zenye pawa na krimayeri yake huingia, lakini aagize kamili pamoja na pompi na mipira yake. Bado anatafuta.