Siku moja maishani mwangu: majani ya masika, Shanty Town, Moshi

Saa 12:00 asubuhi. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaonekana yote. Kufika saa 3:00 mawingu yatakuwa yameifunika. Niko uani kwangu Majengo, nakagua mashine ya kukatia majani ikiwa ya baridi: oili, boliti za kisu, kamba ya kuwashia. Petroli nayo naijaza sasa hivi. Injini ikishachemka sifungui tangi mpaka ipoe.

Saa 2:00. Shanty Town, kwa mama mwenye bustani. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba. Majani yametushinda." Kweli, tangu mvua za Machi hayajaguswa, yanafika magotini. Dogo ninayemfundisha anataka avute kamba papo hapo. Namkatalia. Umande bado haujakauka, na majani yaliyolowa hugandamana chini ya mashine huku miguu inateleza.

Tunatumia muda huo kutembea. Yeye na reki, mimi na fimbo, tunapapasa kila hatua. Tumetoa waya wa uzio, kipande cha nondo, mawe na kokwa za parachichi. Mwaka wangu wa kwanza sikufanya hivi. Jiwe dogo kama kokoto lilirushwa na kisu, likavunja kioo cha dirisha ambalo mtoto alikuwa amesimama nyuma yake dakika chache kabla. Tangu siku hiyo siwashi mashine mpaka watoto waingie ndani.

Jirani anayefuga ng'ombe amekuja na mundu, akaomba majani. Nimefurahi sana. Ameyashusha mpaka chini kidogo ya goti, mashine imepunguziwa mzigo.

Saa 4:30. Buti, suruali ndefu, miwani. Naweka kimo cha kukata juu kabisa, na kila mstari nakata nusu tu ya upana wa mashine. Polepole. Sauti ya injini ikianza kuwa nzito, nasimama ipate nguvu. Kwenye mteremko wa bustani napita kwa kuukatisha, sipandi wala sishuki nayo, na siivuti kurudi nyuma kuja miguuni kwangu.

Saa 5:40. Zamu ya dogo. Majani yamejaa, injini ikazimika ghafla, naye akainama na mkono wazi. Nilipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni.

Nikamkalisha chini. Kisu cha mashine hii kimefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya injini. Ukikisukuma kwa mkono kutoa majani, unazungusha injini yenyewe, na cheche inaweza kupiga bila mtu kugusa kamba. Kwa hiyo kwanza chomoa waya wa plagi inayotoa cheche, uuweke mbali na plagi. Kisha laza mashine, kabureta ikiwa juu ili petroli na oili visimwagikie kwenye kichujio cha hewa. Halafu tumia kijiti. Nimemfanya arudie mara tatu, akieleza kwa sauti kila anachogusa.

Saa 7:00. Mtori wa moto.

Saa 8:30. Tumeshusha kimo cha kukata, tumepita mara ya pili. Hapo ndipo bustani ilipoanza kuonekana, na mipaka ya maua ambayo mama alikuwa ameisahau.

Saa 10:15. Imejaa tena pembeni mwa mchongoma. Nilikuwa nakusanya majani kwa reki, mbali naye. Nilipogeuka, waya wa plagi ulikuwa tayari unaning'inia, naye anatafuta kijiti.