Mwendo wa Kukhu hadi Namugongo

Kufikia siku ya tatu nilikuwa nimeshamchukia Kukhu. Nalisema wazi kwa sababu nilikwisha kuliungama.

Tulikuwa watu 41 tuliovuka mpaka pale Busia asubuhi ya tarehe 25 Mei, kwa miguu, tukielekea kuhiji Namugongo, karibu na Kampala, mahali pa Mashahidi wa Uganda: karibu kilomita 200 za kando ya barabara kuu, malori yakitupulizia moshi usoni. Kukhu ndiye aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri. Jina lenyewe maana yake ni bibi, kwa Kiluhya, na hakuna aliyemwita vinginevyo. Alivaa raba nyeupe alizozikata kwa wembe upande wa kidole gumba ili nundu ya mguu ipate nafasi. Kabla hatujagongewa mihuri, Mwalimu, yaani katekista wetu, akatangaza kwamba mwendo wa kundi ni mwendo wa Kukhu. Hakuna kumpita.

Mimi sikuwa mtu wa makundi. Tangu makanisa yafungwe mwaka 2020 nilizoea Misa ya kwenye simu, nikiwa kitandani, na nilijiambia kwamba Mungu hana daftari la mahudhurio. Jumuiya yetu, lile kundi dogo la waamini majirani wanaosali pamoja, sikujua hata inakutana siku gani. Kisha mama akafariki. Kabla sijajua nianzie wapi, watu nisiowajua majina walikuwa uani na turubai, viti na masufuria, na saa saba usiku mmoja wao alikuwa bado anasugua vyombo huku akiimba kwa sauti ya chini. Walikuwa jumuiya ya mama. Baadaye nikaonyeshwa kitabu chao: mama alikuwa akinilipia michango miaka yote hiyo, jina langu limeandikwa chini ya lake. Walipoanza kupanga hija, sikuwa na uso wa kukataa.

Basi tukatembea. Rozari, nyimbo, kimya, rozari tena. Bugiri, Iganga. Kukhu akisimama, 41 tunasimama. Akisalimiana na mwenye shamba, 41 tunangoja salamu ziishe, na salamu za Kukhu haziishi. Usiku tulilala kwenye sakafu za makanisa, na akina mama wa parokia walitupokea na mabeseni ya maji moto yenye chumvi. Walituosha miguu bila kuuliza tumetoka parokia gani. Mara ya kwanza niliivuta miguu yangu kwa aibu. Yule mama aliirudisha kwenye beseni kama anayemwogesha mtoto mkorofi.

Kila alfajiri tulihesabiana. Kila mtu na namba yake, anaitaja kwa sauti, hadi ya mwisho. Yangu ilikuwa 17.

Baada ya kuvuka Nile pale Jinja tulilala parokia moja upande wa pili, na usiku huo nikaamua nimechoka kuwa mkia wa bibi kizee. Saa kumi nikajitoa taratibu, nikaenda. Nilijiambia nataka kusali kwa utulivu ndani ya msitu wa Mabira. Kwa kweli mwanzo ulikuwa mzuri: ubaridi, ndege, miti mirefu iliyofunika barabara pande zote. Niliruka hata makumi mawili ya rozari kwa kuwa hapakuwa na wa kunisikia. Kisha lengelenge la kisigino likapasuka, nyama ikashikana na soksi, simu ikazimika, na mimi nikajikuta nimekaa juu ya mzizi kando ya lami. Nyani watatu walikuwa wakinitazama mfuko, na sina mtu hata wa kumlalamikia.

Wenzangu walifika jua likiwa limeshapanda. Walikuwa wamechelewa kuondoka kwa sababu yangu. Waliita namba, wakafika 16, kisha kimya. Wakatafuta vyooni, kisimani, nyuma ya kanisa, mpaka mlinzi aliposema ameona mtu akitoka. Kijana mmoja alinitukana, na alikuwa na haki. Kukhu alipiga magoti kwa shida, akanivua kiatu, akalikata soksi kwa mkasi wake mdogo, akaosha. Kisha akatoboa lengelenge la mguu wa pili kwa sindano na kuuacha uzi humo ndani ili maji yaendelee kutoka. (Daktari asisome hapa.)

"Tuliita 17 mara tatu, mjukuu wangu," alisema bila kuinua macho. Hakuongeza neno.

Kutoka pale nilitembea kwa kuchechemea, na sasa mwendo wa kundi ukawa mwendo wangu. Kukhu ndiye aliyekuwa akiningoja.

Jioni, mashamba ya miwa ya Lugazi yakiwa yamejaa giza, Mwalimu alisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia shuleni. Mashahidi tunawajua: Charles Lwanga na wenzake, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kati ya 1885 na 1887, wengi wao wakichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Nisichokijua ni kwamba mwishoni mwa 1882 mapadre waliondoka Buganda, wakavuka ziwa hadi Bukumbi, kusini, na hawakurudi mpaka 1885. Karibu miaka mitatu bila padre, bila Misa. Waamini wale wapya walikusanyika nyumbani kwa wenzao, kwa Joseph Mukasa ikulu, kwa Matthias Mulumba kule Mityana, wakafundishana walichokijua. Mapadre waliporudi walikuta wameongezeka. Na usiku ule wa Munyonyo, kwenye ikulu ya Kabaka, kabla ya kufungwa kamba, Lwanga ndiye aliyewabatiza vijana waliokuwa bado wanafundishwa, akiwemo Kizito wa miaka kama 14.

"Maaskofu wetu walipozipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele mwaka 1976," Mwalimu alisema, "mimi nadhani Mityana walikuwa wameshaanza." Hiyo ni hesabu yake. Mimi nilikuwa nafikiria simu yangu iliyozimika.

Namugongo tuliingia tarehe 2 Juni, mchana. Watu, watu, watu. Basilika lenye nguzo 22 tuliliona kwa mbali tu, juu ya vichwa, kama paa la nyumba ya jadi ya Kiganda. Mama mmoja mwenye kanzu ya gomesi alitukaribisha: "Mukulike!" Mwalimu, sauti imemkauka, akanipa kazi ya kuhesabu. Nikaita, nikapata 40. Nikarudia. Aliyekosekana ni Kukhu.

Tulimkuta ukingoni mwa ziwa dogo la pale, ambalo mahujaji huchota maji yake kama baraka, raba zake zimelowa, akijaza chupa za plastiki. Kila chupa ilikuwa na kipande cha plasta kilichoandikwa jina kwa kalamu: wa jumuiya waliobaki nyumbani, wagonjwa, mmoja aliyejifungua wiki tuliyoondoka. Zilikuwa saba. Alinitazama kisigino kwanza, halafu mfuko wangu.

"Huo una nafasi?" akauliza.