Siku niliyochagua karata za kumsomea mjomba mawazo

Mwaka 2013 nlikuwa naishi London, Desemba narudi Tanga kwenye harusi ya dada, binti wa mama mkubwa, nikajiapiza safari hii lazima nimsome mawazo mjomba mbele ya watu. Sasa mjomba ni mtu wa kijiweni, arubastini kacheza tangu ujana wake, karata akiishika tu anajua kama imekatwa au imelowa, na yale mazingaombwe ya shuleni ya kutoa sarafu kwenye sikio la mtoto hayamshtui hata kidogo. Kwa mtu kama huyo huendi na karata ilimradi karata.

Basi Jumamosi moja nikashuka Davenports, duka la vifaa vya mazingaombwe ambalo enzi hizo lilikuwa kule chini kwenye vijia vya stesheni ya Charing Cross. Ni duka la ukoo, lipo tangu 1898, na wauzaji wake wenyewe ni watu wa kazi hiyo hiyo, kwahiyo ukiuliza unajibiwa na mtu anayejua.

Nliyoitamani mimi ilikuwa Invisible Deck. Yaani mtu anataja karata yoyote inayomjia kichwani, we unatoa pakiti yako, unazitandaza, zote zimeangalia juu isipokuwa moja tu imelala kifudifudi, ukiigeuza ndo ile ile aliyoitaja. Wazo lenyewe la zamani sana, mwanamazingaombwe Joe Berg alilitoa 1936, afu 1938 mwenzake Dai Vernon akaja na pakiti ya Brainwave ambayo hiyo karata moja hata mgongo wake ni wa rangi nyingine. Inafanyaje kazi sisemi, kuna watu wanakula kwa hiyo kazi na siri yao naiheshimu. Ila hili naweza kusema: ukishamaliza huwezi kumpa mtu hiyo pakiti aikague. Na mjomba namjua, kabla hujamaliza kuvuta pumzi keshazinyakua anazihesabu na kuzipapasa kingo. Hapo hapo nikaiacha, japo roho iliniuma.

Yule muuzaji akanisikiliza habari za mjomba mpaka mwisho afu akanitolea pakiti za alama, yaani karata zenye alama za siri mgongoni za kukuambia hii ni karata gani. Kwamba karata za alama zipo duniani kila mtu anajua, hilo si siri, kazi ni kupata nzuri. Akanitandazia mbili kwenye kaunta, zote mgongo wa karata za chapa ya Bicycle, ule wenye malaika mdogo kapanda baiskeli ambao umekuwepo tangu 1887. Ya kwanza alama zake ndogo mno, lazima uinamishe shingo, na mtu akikuona unakodolea mgongo wa karata habari imekwisha. Ya pili zilikuwa kubwa kidogo lakini zimezamishwa ndani ya yale maua maua ya mgongoni, unasoma umesimama mbali, ila mpaka uambiwe uangalie wapi. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa rafu ya vitabu, bado nasoma. Akanifundisha na jaribio ambalo mpaka leo nalitumia, unashika pakiti nzima unaziachia kwa dole gumba haraka haraka huku unaangalia migongo, ukiona kitu kinarukaruka mle ndani achana nayo, maana hata mtu wa kijiweni atakiona. Ile ya pili ilitulia kabisa.

Nilichowaza zaidi ni taa. Barazani kwa mjomba kuna balbu moja tu na ina wadudu, kwahiyo nikamuomba muuzaji nisogee nayo kwenye kona yenye kigiza, nikaipima hapo mpaka nikaridhika ndo nikalipa.

Tanga, usiku wa kuamkia harusi, watu wameshakula, nikaamkia wakubwa nikasema kabisa huu ni mchezo jamani, hakuna jini wala uchawi. Kwetu hilo lazima mdomo uliseme kabla mikono haijaanza, mtu anayesema anasoma mawazo anaweza kuwatia watu hofu ya kweli na sipendi kabisa. Mjomba akachanga mwenyewe, akachomoa moja, akaibana kifuani. Mgongo nlikuwa nimeshauona inatoka, kwahiyo sikuangalia tena karata, nikamuangalia yeye machoni. Nikaanza taratibu, nyekundu, akatulia. Si uru, ni kopa. Akacheka kidogo. Nikakaa kimya kirefu, afu nikamwambia, "Mjomba, saba."

"We mtoto!" Akaitupa mkekani, saba ya kopa, wakina mama wakapiga vigelegele kama bibi harusi kaingia. Kama nilivyojua, akazikusanya zote, akazihesabu, hamsini na mbili, akazipapasa kingo, akazinyanyua kwenye balbu. "Karata nzima hizi," akasema, "tena nzuri kuliko zetu. Kaa hapo tucheze, tumepungua mmoja."

Hapo nlikataa. Migongo yote naisoma, kukaa kucheza na wakubwa zangu kwa karata zile ni wizi, hata kama hakuna hela mezani. Nikamwambia, "Mjomba, mi nimechoka na safari," nikamuita binamu akae nafasi yangu, nikaenda kuwasaidia wanaoosha masufuria ya pilau.