Vifaa ninavyotumia kusuka koili na kukarabati vepu hapa Mbeya

Kwa anayesuka mwenyewe koili ya vepu (sigara ya kielektroniki), yaani waya uliozungushwa unaopasha fleva, kimiminika kinachovutwa, kifaa cha kwanza kununua ni kipimo cha omu, yaani cha ukinzani wa umeme. Bisibisi utaazima kwa fundi simu, mkasi upo nyumbani, lakini hakuna jicho linaloweza kuitofautisha koili nzima na ile iliyogusa kitako cha atomaiza, sehemu ya vepu inayobeba koili. Kosa la pamba, inayonyonya fleva hadi kwenye koili, utalisikia kooni na kosa la oringi, pete ya mpira inayozuia kuvuja, utaliona mfukoni. Shoti hutangazwa na betri, na hapo umeshachelewa.

Multimita za kawaida, kama zile za maduka ya vifaa vya umeme Mwanjelwa, zinafaa sana kwa volti ila kwenye omu ndogo zinadanganya. Nyaya zake zenyewe zina ukinzani wa omu 0.2 hadi 0.5, kwa hiyo koili ya 0.5 inaweza kusomeka 0.9 ukajiona uko salama. Mimi huanza kwa kugusanisha ncha zake mbili, nasoma namba inayobaki, kisha naitoa kwenye kipimo cha koili. Hata hivyo desimali ya mwisho hucheza. Ndiyo maana nina kipimo kidogo chenye soketi ya 510, ile skrubu ya milimita 7 ambayo atomaiza nyingi hufungiwa. Atomaiza inakaa juu yake muda wote ninapokaza skrubu na kukata miguu ya waya, na kinasoma hadi sehemu ya mia ya omu. Boksi lenye skrini, yaani mwili wa vepu unaobeba betri, nalo linapima, ila sipendi kuingiza betri kazini kabla sijajua kwamba hakuna shoti.

Namba ikirukaruka unapoitikisa atomaiza, kuna skrubu iliyolegea. Ikisoma 0.1 au pungufu, mguu wa waya umegusa chuma. Isiposoma chochote, waya umekatika au haukushikwa na skrubu.

Waya ninaoutumia zaidi ni Kanthal A1, aloi ya kupashia joto, wa geji 26, unene wa milimita 0.4. Ukinzani wake ni takriban omu 11 kwa mita, na ukishaijua namba hiyo hesabu inakuwa nyepesi. Mzunguko mmoja juu ya kijiti cha milimita 3 unakula milimita 10.7 hivi. Mizunguko 7 pamoja na miguu miwili ni kama milimita 85, yaani omu 0.95. Koili mbili za namna hiyo kwenye atomaiza moja zinashusha ukinzani hadi nusu, 0.48, na betri iliyojaa ya volti 4.2 itasukuma karibu ampea 9, wati 37. Kwa tangi dogo la wati 12 hadi 15 nachukua geji 28, ambayo ina omu 18 hivi kwa mita. Rola ya mita 10, ukikata sentimita 12 kila mara, inatoa koili zaidi ya themanini. Kwa hesabu hiyo sioni sababu ya mtu kujaribu waya wa jiko la umeme eti kwa sababu nao unawaka mwekundu. Ule ni mnene, ukinzani wake utakuwa chini mno, na hujui umepakwa nini. Waya wa kufungia uzio ni hatari zaidi, kwa kuwa una zinki, na moshi wa zinki ni sumu.

Seti ya vijiti vya kusukia inapendeza mezani, lakini biti ya drili ya milimita 3 kutoka duka la vifaa vya ujenzi inafanya kazi ileile. Tumia mkia wake laini, siyo upande wenye mikato. Kabla ya kusuka napitisha waya kwenye moto wa kibiriti cha gesi hadi uive, ukipoa unakuwa mtulivu na hauruki kama springi. Miguu naielekeza upande ambao skrubu inageukia inapokaza, ili skrubu ikigeuka iuvute waya ndani badala ya kuusukuma nje.

Kwenye bisibisi usibanie. Skrubu za atomaiza nyingi ni za bisibisi ndogo ya nyota, au zinataka alenki ya milimita 1.5 au 2. Bisibisi iliyochoka ikila kichwa cha skrubu mara moja tu, atomaiza nzima imegeuka pambo. Seti ya fundi simu inatosha, mradi ncha ni za chuma kigumu. Plaizi ya kukatia iwe ile bapa upande mmoja, inayokata hadi kwenye nguzo inayoshika waya. Mkasi wa kucha huacha kimguu cha nusu milimita, na kimguu hicho ndicho hugusa kofia ya atomaiza ukiifunga.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni kibano chenye ncha za seramiki. Seramiki haipitishi umeme, kwa hiyo unaweza kubonyeza swichi huku umeibana koili. Ukifanya hivyo kwa kibano cha chuma, umeunganisha mizunguko kadhaa kwa mpigo na omu zinaanguka papo hapo. Nashusha boksi hadi wati 15, nabonyeza kwa sekunde moja au mbili, naachia, kisha nabana mizunguko ishikane. Koili nzuri huanza kung'aa katikati, halafu mwanga unasambaa sawasawa kwenda pembeni. Pakiwaka doa moja kabla ya pengine, nalikwangua taratibu kwa ncha ya kibano hadi mwanga utulie. Mwanga ukianzia kwenye miguu, skrubu hazijakaza vizuri au miguu ni mirefu mno. Utaratibu huu ni wa Kanthal. Nikeli na titani hazichomwi hadi ziwe nyekundu, kwa sababu joto hilo huziachia utando usiofaa kuvutwa. Ncha za seramiki zinavunjika zikianguka kwenye sakafu ya saruji, kwa hiyo nunua kibano ambacho ncha zake zimeshikwa na skrubu, uweze kubadilisha ncha peke yake.

Pamba ya hospitali inafaa. Naichemsha kidogo, naianika, kisha nachana ukanda wa sentimita 6. Unene wake uwe wa kupita ndani ya koili kwa kukazana kidogo bila kuipinda. Mikia naikata ifike kwenye sakafu ya atomaiza na nailegeza kwa ncha ya sindano. Hapa ndipo baridi ya nyanda za juu inapoingia. Juni na Julai fleva yenye gliserini nyingi inakuwa nzito kama asali, haipandi kwenye pamba kwa kasi, na mvuto wa pili tu unakuta pamba kavu inaungua. Kwa miezi hiyo napunguza pamba kama robo, natumia fleva ya nusu kwa nusu kati ya gliserini na propilini glaikoli, kimiminika chepesi zaidi, na tangi nalipasha mkononi kabla ya mvuto wa kwanza. Ukibadilisha pamba, iloweshe kwa matone kadhaa na usubiri dakika tano.

Kuna watu huku, mafua yakibana, wanashawishika kudondoshea fleva mafuta ya mkaratusi. Msifanye hivyo. Kujifukiza kwenye sufuria ni jambo jingine kabisa. Mafuta yaliyopashwa na koili yanaingia mapafuni yakiwa mafuta. Wagonjwa wengi wa mapafu waliolazwa Marekani mwaka 2019 walihusishwa na asetati ya vitamini E, ambayo nayo ni mafuta, iliyochanganywa kwenye vimiminika vya bangi. Kwa sababu hiyohiyo oringi zangu hazigusi mafuta ya kujipaka. Nazilainisha kwa tone la fleva yenyewe. Na fleva yenye nikotini ni sumu hata ikimwagikia ngozi, kwa hiyo vaa glavu ukiimimina na chupa ikae mbali na watoto.

Wanaopanda kutoka Kyela hulalamika kuwa tangi limevuja bila sababu. Sababu ipo. Kyela iko kwenye mita 500 hivi, Mbeya mjini ni kama mita 1,700. Hewa uliyoifungia tangini kule chini inatanuka kwa asilimia 15 hivi ukifika huku, na inasukuma fleva kupitia kwenye pamba hadi matundu ya hewa. Tangi lililojaa nusu ndilo huvuja zaidi, maana lina hewa nyingi. Nikisafiri kupitia Tukuyu nalijaza hadi juu au nalimwaga kabisa. Kama lina pete ya kufunga njia ya fleva naifunga, na nikifika nafungua kifuniko kwanza, hewa itoke, ndipo nawasha.

Betri ninazotumia ni 18650, zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65. Samsung 25R ina mAh 2,500 (kiasi cha chaji inachobeba) na inaruhusu ampea 20 mfululizo, inatosha kabisa kwa koili zile mbili. Ukishuka hadi omu 0.2 unaomba ampea 21, na hapo umeshavuka mpaka wake. Seli zilizotolewa kwenye betri za laptopu waachie wenye tochi, kwa kawaida hazikuundwa kutoa ampea nyingi hivyo. Iliyoandikwa mAh 9,900 ni uongo mtupu, hakuna 18650 ya namna hiyo.

Ganda la plastiki likichanika, badilisha kabla ya kuchaji. Watu hudhani hasi iko chini tu, kumbe kopo zima ni hasi hadi kwenye ukingo unaozunguka kitufe cha chanya. Maganda mapya yanauzwa bapa. Ingiza betri, rudisha pete nyeupe ya kutenganisha juu ya chanya, pasha kwa mashine ya kukaushia nywele sekunde chache, ganda linajikaza. Usitumie kibiriti. Chaja ya nje ya ampea 1 inaijaza 25R kwa saa tatu hivi na inaokoa tundu la USB la boksi, ambalo hulegea kama la simu. Kwa walioko Makete na kandokando ya Kitulo, betri iliyolala kwenye sakitu isichajiwe mpaka ipate joto la chumbani, kwa sababu lithiamu haipendi kuchajiwa chini ya nyuzi 0.

Boksi likiandika kwamba halioni atomaiza ilhali kipimo kinasoma vizuri, tatizo mara nyingi ni pini ya katikati ya soketi. Toa betri, futa pini kwa pamba yenye spiriti, acha ikauke, na kama imezama iinue kidogo kwa kijiti cha kuchokolea meno. Kisha funga atomaiza kwa vidole viwili tu, bila nguvu, maana kukaza kupita kiasi ndiko kulikoizamisha.